Ameanguka mnazi na bado anazungumza: fanya hivi

Mgema yule aliangukia tumbo juu ya kisiki, huku Ganda, nje kidogo ya Malindi. Akainuka, akaokota kotama yake, akaomba maji. Watu wakamshukuru Mungu, na chai ya sukari ilikuwa imeshamiminwa. Nilipomshika mkono ngozi ilikuwa baridi, jasho jembamba, mapigo 124. Presha ilikuwa ya kawaida kabisa.

Kwa hiyo, mwenzangu wa zahanati, anza na mapigo. Yahesabu dakika nzima, yaandike pamoja na saa, urudie kila baada ya dakika tano. Yakipita 100 na kuzidi kupanda ilhali mtu ametulia, chukulia kwamba anavuja damu ndani. Presha isikuhadae: kijana mwenye afya hubana mishipa yake, na presha husimama mpaka apoteze karibu theluthi ya damu. Uliza kama bega la kushoto linamuuma ingawa halikugonga popote, maana bandama ikipasuka, damu hukichokoza kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, na maumivu husikika begani.

Chai hapana, maji hapana, hata akilalamika kiu. Mlaze chali, mfunike leso mbili. Mwili ukipoa, damu haigandi vizuri. Tafuta gari atakamoweza kulala.

Sasa dripu, na hapa nakuomba usome taratibu. Wengi wetu tulifundishwa kuifungulia ikimbie. Fundisho hilo lilitokana na majaribio ya zamani, ambapo mnyama alitolewa damu kwa mpira mpaka presha ifike kiwango walichotaka, kisha mpira ukafungwa. Hapo maji ya dripu yalionekana dawa, kwa kuwa hapakuwa na kidonda kinachovuja. Baadaye watafiti wakawatia nguruwe usingizi, wakawachana aota, mshipa mkuu utoao damu moyoni, na kuiacha ivuje. Waliojazwa maji kwa kasi walivuja zaidi wakafa: presha ilipanda, donge la damu lililoziba kidonda likang'oka, damu ikawa nyepesi. Mwaka 1994 yakachapishwa matokeo ya utafiti wa Houston, Marekani, wa wagonjwa 598 waliopigwa risasi au kuchomwa visu kiwiliwilini. Waliocheleweshewa maji hadi chumba cha upasuaji walipona wengi zaidi.

Nguruwe si mgema, lakini. Bandama ya nguruwe hujikamua na kurudisha damu nyingi ya akiba mwilini, ndiyo maana watafiti wengi huitoa kwanza. Sisi akiba hiyo hatuna.

Basi weka sindano ya dripu mshipani, tia maji kidogo kidogo, alimradi anajibu na mapigo ya kifundo cha mkono yanashikika. Aliyeumia kichwa ni tofauti. Huyo presha isiachwe chini. Kama ipo asidi ya traneksamiki, dawa ya kupunguza kuvuja damu, mpe mshipani gramu 1 polepole kwa dakika 10, ndani ya saa 3 tangu aanguke.

Mke wa mgema nilimpa karatasi ya mapigo aipeleke hospitali: 124, 131, 138, kila moja na saa yake. Daktari wa upasuaji aliisoma kabla hajamgusa mgonjwa, na bandama ikatolewa usiku uleule.