Mtama ukikunja majani Februari, usiung'oe kabla ya kuutazama alfajiri

Mvua ikikata wiki mbili mwezi wa Februari, pita saa saba mchana kwenye shamba la mtama kule Bahi au Kongwa. Majani yamejikunja kama mikeka iliyosimamishwa ukutani. Wengi hukata tamaa hapo hapo, na wapo wanaong'oa. Naomba usubiri. Rudi alfajiri, jua halijachomoza, ushike jani lile lile. Likiwa limekunjuka, mmea bado unapambana. Likiwa limejikunja hata saa hiyo, maji ya kufikiwa na mizizi yamekwisha kweli.

Mapambano hayo hufanyika ndani ya seli. Udongo unapokauka, mmea huongeza kimeng'enya kinachoitwa P5CS. Kimeng'enya ni protini inayoharakisha kazi moja maalumu, na kazi ya hiki ni kuchukua glutamati, amino asidi (yaani tofali la kujengea protini) ambayo mmea unayo siku zote, na kuanza kuigeuza iwe amino asidi nyingine, prolini. Kimeng'enya cha pili humalizia. Prolini huyeyuka vizuri kwenye maji, kwa hiyo ikiongezeka ndani ya seli huisaidia kushikilia maji na kulinda protini zisiharibike. Ikishatosha, yenyewe hukizuia P5CS kisiendelee kuitengeneza. Katika mimea, jeni ya kimeng'enya hiki ilipatikana kwa mara ya kwanza mwaka 1992, kwenye jamii ya kunde inayolimwa sehemu kavu za India, ndugu wa karibu wa choroko zetu.

Ninachotaka ukishike ni kwamba kazi hiyo ina gharama. Glutamati hujengwa kwa naitrojeni inayotoka ardhini, na kuigeuza kunakula nguvu ambayo ingejaza punje. Mtama uliopandwa kwenye udongo uliochoka huingia kwenye ukame mikono mitupu. Tena prolini haileti tone la maji. Inaupa mmea siku kadhaa tu. Jani lenye prolini nyingi mara nyingine ni jani lililoteseka sana, wala si dalili ya mavuno mengi.

Ndiyo maana siafiki kuberega, yaani kupanda bila kulima kwanza. Najua ni kazi nyepesi na mvua za Desemba hazimsubiri mtu, lakini ardhi ngumu isiyotifuliwa hupitisha maji juu kwa juu hadi korongoni. Hapa Dodoma tunapata takriban milimita 500 hadi 600 kwa msimu mmoja wa mwaka mzima, na sehemu kubwa huanguka kwa siku chache za mvua kali. Mvua ya namna hiyo tusiiache iondoke. Tengeneza matuta kukingama mteremko, kisha yafunge: kila baada ya hatua mbili weka kizuizi cha udongo ndani ya mfereji, kifupi kuliko tuta lenyewe, ili maji yakizidi yapite juu ya kizuizi yasibomoe tuta. Siku mbili baada ya mvua chimba kidogo kwenye mfereji, ufinyange udongo kiganjani. Ukishikana kama tonge, una akiba.

Samadi iliyooza vizuri, konzi moja au mbili kwa kila shimo kabla ya kupanda, ndiyo akiba ya pili. Hutoa naitrojeni taratibu na huufanya udongo ushike maji. Punguza miche mapema, ndani ya wiki tatu, ubakize miwili kwa shimo. Najua inauma kung'oa mche mzima wenye afya, lakini sita wakinywa kikombe kimoja hakuna anayeshiba.

Msimu mmoja nilimkuta mama mmoja akiwa ametoa pesa yake ya palizi kununua chupa ya dawa ya kupulizia kwenye majani ya mtama, yenye amino asidi, baada ya kuahidiwa kuwa mtama wake hautaona ukame. Magugu yalikuwa yamefika magotini. Nilisikitika mno, kwa sababu magugu yale ndiyo yaliyokuwa yakimwibia maji. Kama pesa ni ya jambo moja tu, palilia.

Mvua ikirudi, vimeng'enya vingine huivunja prolini, ikarudi kuwa glutamati, na mmea ukapata nguvu na naitrojeni ya kuanza tena kukua. Huo ndio wakati wako. Hakikisha majani yamekunjuka hata saa saba mchana na udongo una unyevu. Anza na palizi, ukiona kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mtama, king'oe kabla hakijatoa mbegu, kisha weka urea isiyofika kizibo kimoja cha soda kwa kila shimo, kiganja kimoja kutoka kwenye shina, na uifukie. Usiiweke kamwe kwenye udongo mkavu wakati majani bado yamejikunja.