Chai na keki: namna ya kubishania jazi ya mapigo matano bila kuvunja kijiwe

Mimi ni mwalimu wa kwaya. Kila Jumamosi tukimaliza mazoezi napitia kijiwe cha kahawa karibu na soko la Majengo, hapa Dodoma. Tusiokosa pale ni wanne: mimi, fundi seremala mmoja, dogo anayesoma Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) na wikiendi anaendesha boda, na mama muuza karanga, mzaliwa wa Chamwino, ambaye hujifanya hatusikii. Benchi la pili wanabishania Simba na Yanga. Sisi tunabishania namba.

Yalianza siku nilipowachezea "Take Five" ya bendi ya Dave Brubeck, mpiga piano wa jazi wa Marekani, ya mwaka 1959. Nikasema huo ni muziki wa 5/4, tano kwa nne, yaani kila mzunguko wa mdundo una mapigo matano. Fundi akasikiliza, akagonga meza kwa penseli yake, akasema, "Mwalimu, hapa nimepata kumi." Dogo akadai hauhesabiki, ndiyo maana Wazungu wanaupenda. Mzee anayetupikia kahawa akatuambia jazi anayoijua yeye ni bendi za dansi za zamani, Morogoro Jazz na Tabora Jazz, hiyo yetu ni kelele za watu walioshiba. Tukatawanyika tumenuniana. Yafuatayo ndiyo niliyojifunza tangu siku hiyo, na nayaandika kwa yeyote mwenye kijiwe chenye ugomvi kama wetu.

Anzeni na spika. Nasema hivi kwa uchungu, maana tulipoteza Jumamosi mbili nzima tukisikiliza kwa simu. Spika ya simu haitoi besi, na besi ndiyo inayokuambia mzunguko unaanzia wapi. Ongezea upepo wetu wa Dodoma wa mwezi wa saba, unaobaki na matoazi na saksofoni tu, yaani vile vitu viwili vinavyopenda kukupoteza. Tafuteni sabufa, hata ndogo. Kama hakuna, gawaneni spika za masikioni, mmoja kulia mmoja kushoto, lakini mjue katika rekodi za zamani upande mmoja unaweza kukosa ngoma kabisa.

Halafu kabla mtu hajataja namba, aseme anahesabu nini. Ugomvi wetu wa kwanza ulikuwa wa bure kwa sababu hiyo. Fundi alikuwa anahesabu kila penseli ilipogonga, mimi nahesabu kila hatua ya mguu. Kila pigo langu lilikuwa na mapigo yake mawili ndani. Tano zangu na kumi zake ni kitambaa kimoja, mwingine kakipima kwa yadi, mwingine kwa futi. Hapo hakuna aliyekosea, ila kuna njia ya kuamua kipimo kipi kinafaa zaidi: simama utembee.

Hili la kutembea ndilo ninaloliamini kuliko yote. Weka wimbo masikioni, tembea, kila hatua pigo moja, na kila mzunguko unapoanza upya sema "moja" kwa sauti. Mimi nilijaribu kutoka Nyerere Square kwenda Majengo, watu wakanitazama. Kama mapigo ni manne, "moja" itaangukia mguu uleule siku nzima. Yakiwa matano, "moja" ya kwanza iko kushoto, ya pili iko kulia, ya tatu kushoto tena. Saba vilevile. Mwili unalihisi hilo kabla kichwa hakijamaliza kuhesabu. Utajiona unayumba kidogo kama mtu aliyebeba ndoo isiyojaa. Basi mkibishana kati ya saba na nane, au tano na sita, acheni maneno, tembeeni. Fundi naye alitembea kwa kumi zake. "Moja" haikuhama mguu, kweli, lakini ilimbidi akimbie, na alipofika kwa wauza nyanya akasimama, akashika kiuno, akakubali tano.

"Moja" yenyewe utaipata wapi? Usiitafute kwenye ngoma. Mpiga ngoma wa jazi kazi yake nusu ni kuificha. Tafuta kitu kinachojirudia bila kubadilika. Kwenye "Take Five" kitu hicho ni piano: Brubeck anarudia kipande kilekile kifupi tangu mwanzo, na hata Joe Morello anapobaki na ngoma zake peke yake mbele, akicheza na ukimya kama paka na panya, piano iko nyuma yake inaendelea kama mtu anayetwanga. Shika piano. Ngoma itakwenda itarudi, wewe hujapotea. (Wimbo wenyewe hakuutunga Brubeck, aliutunga Paul Desmond wa saksofoni, na alipofariki mwaka 1977 mapato yake yalikwenda Msalaba Mwekundu wa Marekani. Habari hii ilimlainisha hata mzee wa kahawa.)

Sasa hesabu zenyewe. Kosa la wengi ni kuhesabu moja mpaka saba kama watoto wa chekechea. Hilo halisaidii, kwa sababu namba zetu, "moja" mpaka "kumi", zote ni za silabi mbili, hazikuonyeshi kipande kinaanzia wapi. Mapigo haya marefu yote, yawe matano, saba au kumi na moja, karibu kila mara yamejengwa kwa vipande vya mbili na tatu. Vihesabu vipande. Na kila kipande kipe neno.

Hapa nilianguka vibaya. Kwa kuwa tuko kijiweni nikachagua "kahawa" iwe tatu na "maji" iwe mbili. Kahawa maji, kahawa maji, ndiyo tano hizo. Tukapiga meza sote watatu na ikawa vurugu: mimi naanza kwenye "ka", fundi mguu wake unaanguka kwenye "ha". Ilinichukua wiki kugundua kwamba aliyekosea ni mimi. Kiswahili mkazo wake uko silabi ya pili kutoka mwisho. Hakuna Mswahili anayesema KAhawa. Fundi alisikia ka-HA-wa, akaweka "moja" palipo na uzito, na hapo alinishinda mimi mwenye cheti cha muziki.

Kwa hiyo tatu lazima ijengwe kwa neno la silabi mbili, lenye uzito mwanzoni, likifuatwa na kajineno kepesi. "Chai na." CHA-i-na. Ukiongeza neno la silabi mbili unapata tano: CHA-i-na KE-ki. Hiyo ndiyo "Take Five", tatu kisha mbili, na unaweza kuisema dakika tano nzima bila kukwama. Dogo alilalamika kwamba hapa Majengo keki hakuna. Nikamwambia aweke supu.

Saba nayo? Jaribu "Unsquare Dance" ya Brubeck huyohuyo, ya mwaka 1961, maana ni fupi na ina makofi. Sema: SU-pu, WA-li, CHA-i-na, SU-pu, WA-li, CHA-i-na. Mbili, mbili, tatu. Besi inapiga la kwanza, la tatu na la tano, yaani mwanzo wa kila neno. Makofi yanajaza la pili, la nne, la sita na la saba. Kijiweni mgawane: wawili wawe besi, wawili makofi. Mkifika mwisho bila mtu kucheka mmeiva.

Halafu kuna "Blue Rondo à la Turk", nayo ya 1959, ambayo naipenda kuliko zote kwa sababu inaeleza jambo. Tisa ya kawaida kila mwanakwaya anaijua: tatu, tatu, tatu. Lakini mwaka 1958 Brubeck akiwa ziarani Uturuki aliwasikia wanamuziki wa mtaani Istanbul wakipiga tisa ya namna nyingine: mbili, mbili, mbili, tatu. Kule hiyo ni tisa ya kuchezea harusini, bibi na mjukuu wanaicheza, wala hakuna anayeiita ngumu. Kwa maneno yetu: SU-pu, WA-li, NYA-ma, CHA-i-na. Inapigwa hivyo mara tatu, na mara ya nne inageuka: CHA-i-na, CHA-i-na, CHA-i-na, kama mtoto anayeng'ang'ania. Kisha inarudi. Idadi haikubadilika, ni tisa palepale; kilichobadilika ni mpangilio. Mtu anayehesabu moja mpaka tisa hataona kilichotokea. Na mbele kidogo, wanapoanza kupokezana kubuni, wanaziacha tisa na kuingia nne za kawaida za blues. Usilaumu masikio yako hapo, ni wao waliohama.

Nusu ya mabishano yetu, hata hivyo, hayakuwa kabisa ya mizunguko ya tano, saba au tisa. Yalikuwa ya midundo miwili kwa wakati mmoja, na hivyo ni vitu viwili tofauti ambavyo watu wanavitia kapu moja. Tano kwa nne ni safari moja yenye hatua tano. Tatu juu ya mbili ni watu wawili wanaoondoka pamoja na kufika pamoja, mmoja kwa hatua tatu, mwingine kwa hatua mbili. Ya pili ukitaka kuijaribu, chukua meza. Mkono wa kulia upige tatu, wa kushoto mbili, na usihesabu chochote. Sema "njoo ule", kama mama anavyoita jioni, ukivuta mwanzo na mwisho: njooo-o-u-leee. "Njo" mikono yote miwili, "o" kulia, "u" kushoto, "le" kulia. Rudia.

Nilikuwa nawafundisha wenzangu hivyo, dogo mikono inagombana, fundi anatoka jasho. Mama wa karanga akaweka sinia chini, akachukua kofia ngumu ya dogo, akaiweka mapajani na kuipiga kwa mikono miwili. Tatu na mbili, mara moja, huku akituuliza kama tutanunua karanga au la. Amekulia kwenye muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, na amekulia kwenye kinu cha watu watatu, ambapo mchi wako ukichelewa unakutana na wa mwenzako. Alisema tunachokiita kigumu ni kupokezana tu. Tangu siku ile hajifanyi tena hatusikii, na karanga amepandisha bei.

Ukishaipata "njoo ule", ndipo usikilize "Footprints" ya Wayne Shorter, ile iliyo kwenye albamu "Miles Smiles" ya mpiga tarumbeta Miles Davis, iliyorekodiwa Oktoba 1966. Usianze nayo. Sisi tulianza nayo na tukagawanyika kambi mbili: waliohesabu mapigo matatu na waliohesabu manne. Zote zilikuwa sahihi, kwa nyakati tofauti za wimbo uleule. Ron Carter kwenye besi na Tony Williams kwenye ngoma, kijana wa miaka 20, wanachukua muda uleule na kuugawa kwa tatu, kisha kwa nne, kisha wanarudi, na muda wenyewe hauongezeki wala haupungui. Ukisikia mwenzako anasema nne na wewe una tatu, msikatize muziki. Kila mtu aendelee kupiga meza kwa yake. Mkikutana kila mzunguko kwenye "moja", mnapiga kitu kimoja. Msipokutana, mmoja kapotea, na mara nyingi ni yule mwenye sauti kubwa.

Kwa wapiga jazi wa siku hizi, Vijay Iyer kwa mfano, au Tigran Hamasyan wa Armenia, mbinu ni hizihizi ila subira iwe kubwa. Chezeni sekunde ishirini, mrudie, mrudie tena. Kumaliza wimbo mzima ndipo mjadili ni kupoteza bando. Na tembeeni. Iyer mwenyewe mwaka 1998 alimaliza shahada ya udaktari Berkeley kwa tasnifu kuhusu namna mwili unavyobeba mdundo katika muziki wa Afrika Magharibi na wa Wamarekani weusi. Nilipomweleza mama wa karanga akauliza kama hilo nalo linahitaji chuo kikuu.

Jumamosi iliyopita ilikuwa zamu ya dogo kuchagua. Akaja na Don Ellis, mpiga tarumbeta wa Marekani, wimbo alioupiga na bendi yake kubwa kwenye tamasha la Monterey mwaka 1966. Unaitwa "33 222 1 222". Mapigo kumi na tisa, na jibu wamelifanya jina la wimbo. Fundi aliandika kwenye kipande cha mbao: chai na, chai na, supu, wali, nyama, kisha akakwama, maana ile moja ya katikati haina neno. Mimi nilitoa "la". Fundi anasema "la" inasimamisha wimbo, iwe "eh". Mama anataka "si". Mbao iko kijiweni bado, nafasi ya neno hilo iko wazi, na imewekwa chini ya birika isipeperushwe.