Somo: Kuongoza Wageni kwa Nusu Siku katika Nyumba za Ibada na Masoko ya Iringa Mjini

Somo hili ni la vijana waongozaji wa Iringa Mjini ambao huombwa na wageni wawatembeze asubuhi moja kabla ya safari ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na pia ni la wenyeji wanaopokea ndugu kutoka Dar es Salaam wakakosa cha kuwaonyesha zaidi ya Jiwe la Gangilonga. Nyumba za ibada za dini na madhehebu kadhaa zinafikika kwa miguu kutoka Soko Kuu, kwa hiyo matembezi haya hayahitaji gari. Yanachohitaji ni mpangilio. Waongozaji wengi hupanga ratiba kwa kuangalia saa ambayo mgeni atamaliza chai na saa ambayo dereva wake anataka kuondoka, kisha wakafika msikitini adhana inapoadhiniwa na kanisani misa ikiwa katikati. Ratiba ya matembezi haya hupangwa kwa saa za ibada na saa za soko, na mgeni ndiye anayeelezwa mapema ajipange humo.

Hatua ya kwanza: ruhusa

Nenda mwenyewe, kwa miguu yako, siku kadhaa kabla. Msikitini zungumza na imamu au katibu wa kamati ya msikiti. Parokiani zungumza na paroko au katibu wa parokia. Kwenye usharika wa KKKT, kanisa la Kilutheri, muone mchungaji au mwinjilisti. Kwenye jamatkhana, yaani nyumba ya ibada ya Waismailia, kiongozi wa jumuiya yao huitwa Mukhi, na maombi yote hupitia kwake. Eleza wageni ni wangapi, wanatoka wapi, kama kuna wanawake, na kama wanakusudia kupiga picha. Kundi lisizidi watu wanane, kwa kuwa zaidi ya hapo sauti yako itabidi uipandishe, na mwongozaji anayepaza sauti ndani ya nyumba ya ibada hataruhusiwa kurudi. Ukijibiwa hapana, shukuru na upite. Nyumba inayotazamwa kutoka barabarani kwa maelezo mazuri bado ni sehemu ya matembezi.

Hatua ya pili: siku na saa

Epuka Ijumaa, kwa sababu maandalizi ya sala ya Ijumaa huanza mapema kuliko wageni wanavyodhani, na epuka Jumapili isipokuwa wageni wenyewe wameomba kushiriki ibada. Mimi napendelea Jumamosi: soko limechangamka, na mara nyingi kwaya zinafanya mazoezi makanisani. Ukiwa na mgeni Msabato, basi siku hiyo si yake, mpangie nyingine.

Sasa saa. Adhuhuri ya Iringa huingia kati ya saa sita na dakika 20 na saa saba kasoro dakika 10, kutegemea majira ya mwaka, na huchelewa kwa karibu robo saa kuliko ya Dar es Salaam kwa sababu mji wetu uko magharibi zaidi ilhali saa tunayotumia ni moja. Ninalisema hili kwa sababu nimeona waongozaji wakitumia kalenda ya sala ya Dar es Salaam. Msikiti basi utembelewe kati ya saa nne na nusu na saa tano na nusu, wakati ambapo hakuna sala ya faradhi. Ukishalisimamisha hilo, mengine yote yanapangika kuanzia hapo kurudi nyuma na kwenda mbele: anza saa mbili kamili asubuhi, maliza saa saba na nusu.

Hatua ya tatu: historia fupi, mkiwa bado mmesimama

Anzia nje ya Boma, jengo la enzi za Wajerumani ambalo leo ni makumbusho ya mkoa na kituo cha utamaduni. Usizidishe robo saa. Mgeni anahitaji kujua mambo machache tu ili aelewe kwa nini mji huu una nyumba nyingi za ibada namna hii: kwamba Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, aliwashinda Wajerumani huko Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, kwamba ngome yake ya Kalenga ilianguka mwaka 1894, kwamba Wajerumani walijenga kituo chao kipya juu ya kilima hiki mwaka 1896, wakati Mkwawa akiendelea kupigana porini hadi alipojiua mwaka 1898 kuliko kukamatwa. Mji ulizaliwa kama kambi ya jeshi. Nyuma ya askari, ambao wengi wao walikuwa Waislamu kutoka mbali, walikuja wafanyabiashara wa Kihindi na Kiarabu, wamisionari, na baadaye walowezi, wakiwemo Wagiriki waliolima tumbaku. Kila kundi lilijenga mahali pa kuabudia karibu na mahali lilipofanyia biashara, ndiyo maana soko na ibada mjini hapa ni majirani.

Jihadhari na jambo moja. Karibu na soko, mbele ya kituo cha polisi, kuna mnara wa kumbukumbu unaohusishwa na Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, na waongozaji wengine huwaambia wageni kwamba Wahehe walikuwa mstari wa mbele katika vita hivyo. Sivyo. Wahehe walikuwa wametoka kwenye vita virefu vyao wenyewe na kwa sehemu kubwa hawakujiunga. Mgeni aliyesoma atakusahihisha mbele ya wenzake, na hutarudisha heshima yako asubuhi ile.

Hatua ya nne: Soko Kuu, mara ya kwanza

Soko hutembelewa mara mbili. Mara ya kwanza, kuanzia saa mbili na nusu hivi, ni ya kutazama, kusalimia na kuuliza. Kununua ni marufuku. Sababu ni ya kawaida kabisa: mgeni akinunua kilo ya perege wakavu kutoka Bwawa la Mtera, atawabeba begani hadi msikitini na kanisani, na harufu yao itafika kabla yake.

Mfundishe mgeni kusema "kamwene" kabla hajauliza bei. Wauzaji wengi hapa hufurahia salamu ya Kihehe hata ikitamkwa vibaya. Kisha mwonyeshe namna biashara inavyopimwa, kwa sababu hapa ndipo soko linapoeleweka. Nyanya na vitunguu vimepangwa kwa mafungu. Maharage hupimwa kwa sado na debe. Viazi mviringo huja kwa magunia, na gunia lililoshindiliwa hadi kushonewa kofia juu ndilo lumbesa, ambalo serikali imelipiga vita miaka mingi kwa kuwa mkulima hulipwa gunia moja huku akitoa zaidi ya hilo. Mwache mgeni aulize tofauti kati ya maharage ya njano na mengineyo. Mama muuzaji atamweleza yapi huiva haraka na yapi yana mchuzi mzito, na maelezo hayo ni bora kuliko yako. Wewe tafsiri tu, usifupishe.

Picha zipigwe kwa idhini ya mtu anayepigwa, si kwa idhini yako. Ukisikia "piga tu, lakini uniungishe", kubali kwa niaba ya mgeni na ukumbuke kibanda hicho mtakaporudi.

Hatua ya tano: Mtaa wa Jamat

Kutoka sokoni mnaingia eneo la maduka ya zamani, ambako jamatkhana ya Waismailia yenye mnara wa saa ndiyo jengo linaloonekana kuliko yote. Waismailia husali alfajiri na jioni, na wakati wa sala asiye Mwismailia haingii ukumbini, kwa hiyo mara nyingi mtalitazama jengo kutoka nje. Msisimame mlangoni kwa muda mrefu. Vukeni barabara, mnara unaonekana vizuri zaidi kutoka upande wa pili. Elekeza pia macho ya wageni kwenye maduka yenyewe, yaliyojengwa kwa mtindo wa duka chini na makazi nyuma au juu.

Mkipata kibali cha kuingia katika hekalu la Wahindu, viatu vinabaki nje, na ni adabu kuacha pia mikanda na pochi za ngozi. Sanamu zisipigwe picha bila ruhusa. Mkipewa kitu kitamu kilichotolewa sadaka, kipokeeni kwa mkono wa kulia.

Hatua ya sita: msikitini

Wanawake wafunike nywele na wote wavae nguo zinazofika chini ya magoti na kufunika mabega. Beba khanga mbili tatu za akiba. Mgeni mwenye suruali fupi hatakuwepo peke yake. Mwache mwenyeji wa msikiti azungumze. Kazi yako hapo ni kuhakikisha hakuna anayepita mbele ya mtu anayesali sunna, na kuangalia saa: saa tano na nusu mtoke, hata kama mazungumzo yamenoga, ili waumini wapate nafasi ya kutawadha bila kundi la wageni kusimama mlangoni.

Hatua ya saba: makanisa

Muda huu misa ya asubuhi imekwisha zamani. Katika Parokia ya Mshindo simulia habari za Wabenediktini waliotangulia huku na Wamisionari wa Consolata waliofika mwaka 1919, baada ya Wajerumani kushindwa vita. Mwaka 1922 Iringa ikawa eneo la kitume linalojitegemea na mwaka 1953 ikawa jimbo. Kanisa kuu la jimbo lenyewe liko Kihesa, na kwa wageni wenye muda mnaweza kufika kwa bajaji, lakini katika nusu siku mimi siliweki. Kwa Walutheri, eleza kwamba Misheni ya Berlin iliingia Nyanda za Juu Kusini mwaka 1891 kupitia upande wa Ziwa Nyasa, na kwamba KKKT kama kanisa moja la nchi nzima iliundwa mwaka 1963. Kwaya ikiwa mazoezini, kaeni kwenye mabenchi ya nyuma mpaka wimbo uishe ndipo msalimie.

Hatua ya nane: soko, mara ya pili, na chakula

Sasa wanunue. Vikapu vya Iringa vinavyosukwa kwa milulu ndivyo vinavyosafirika vizuri. Mwonyeshe mgeni namna ya kuvikagua kwa kubonyeza kitako na kutazama ukingo, kwani kikapu kilichosukwa kwa haraka huachia hapo kwanza. Kisha chakula cha mamalishe: ugali, maharage, mnafu, na samaki kwa anayetaka.

Maswali ya wanachama

Mwanachama kutoka Makambako: Shikamoo mwalimu. Mgeni akikataa kufunika kichwa msikitini, nimlazimishe?

Marahaba. Usimlazimishe, na usimwombee msamaha kwa imamu ili aingie hivyo hivyo. Mwambie usiku uliotangulia, kwa maandishi, nini kitavaliwa. Akikataa atasubiri nje kwa amani, na wewe utakuwa umemtafutia kivuli cha kukaa.

Mwanachama kutoka Kihesa: Mwalimu, wauza vikapu wananipa cha juu nikileta wageni. Kuna ubaya gani, maana ni kazi?

Ubaya ni kwamba cha juu hakitoki mfukoni mwa muuzaji, kinatoka katika bei anayotajiwa mgeni, na mgeni akikuta kikapu hicho hicho kwa bei pungufu kibanda cha tatu atajua. Weka malipo yako wazi katika gharama ya matembezi. Muuzaji akikupa mahindi ya kuchoma kwa kushukuru, hayo kula.

Mwanachama kutoka Mafinga: Je, nahitaji leseni kama nawatembeza mjini tu bila kuingia hifadhini?

Ukilipwa, unafanya biashara, na Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 inataka biashara ya utalii ifanywe kwa leseni. Anzia ofisi ya utamaduni na biashara ya halmashauri yako, uulize taratibu na ada za sasa. Kumtembeza shemeji yako ni jambo jingine.

Mwanachama kutoka Ilula: Shikamoo mwalimu. Wageni wangu wote huulizia ulanzi. Niuweke hatua gani?

Marahaba, binti yangu. Baada ya hatua ya nane, kamwe si kabla. Hutaki kundi linalonuka pombe likivua viatu mlangoni mwa msikiti. Kumbuka pia kwamba ulanzi hugemwa msimu wa mvua. Mgeni wa Agosti mpe togwa.

Mwanachama kutoka Mbeya: Kaka, mpango huu unaweza kuhamishiwa kwetu jinsi ulivyo?

Hauwezi, mdogo wangu, kwa sababu ya umbali. Kwenu Uhindini kuna soko na nyumba za ibada zilizo karibu karibu, lakini soko kubwa la Mwanjelwa liko mbali, kwa hiyo utahitaji daladala au bajaji katikati, na ningekushauri Uhindini uimalize yote kabla ya kuhamia huko. Historia pia ibadilishe: Wamoravian waingie mahali pa Misheni ya Berlin, na dhahabu ya Lupa iingie mahali pa kambi ya jeshi. Mpangilio wa saa uubakize, ila Adhuhuri ya Mbeya huchelewa kwa dakika kama tisa kuliko ya Iringa, kwa hiyo msikitini mnaweza kutoka saa sita kasoro dakika 20.