Ukipigwa na mwanga wa kuchomelea: la kufanya usiku huohuo, na namna ya kutopigwa tena

Kama wewe ndiye mwenye macho yanayochoma sasa hivi, usijilazimishe kusoma. Mpe simu mtu aliye karibu akusomee kuanzia hatua ya kwanza hadi ya tano. Zinazofuata utazisoma mwenyewe keshokutwa.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, Dar es Salaam. Kazi yangu kubwa ni mageti, grili za madirisha na stendi za matangi ya maji. Nimepigwa na mwanga mara tatu katika miaka kumi na saba, na mara zote tatu sikuwa nikichomelea kazi ndefu. Nilikuwa nashikiza, yaani kuunga vyuma kwa nukta chache za moto kabla ya kuchomelea kazi yote. Mkono mmoja umeshika chuma kisihame, mwingine umeshika kijiti cha kuchomelea, ngao ya uso iko chini, unafumba macho na kugusa mara moja tu. Tatizo ni kwamba kope hufunga mwanga ukishawaka, na grili moja ina sehemu za kushikiza arobaini au zaidi. Ukijumlisha vile vipande vya sekunde, ni sawa na kutazama moto wa umeme kwa macho makavu.

Moto ule hutoa mionzi ya urujuanimno. Jua nalo hutoa mionzi hiyo, ila sehemu yake kali kuliko zote huishia kwenye tabaka la ozoni huko juu kabla ya kutufikia. Mbele ya kijiti huna tabaka la kukukinga. Mionzi hufyonzwa na konea, kile kioo cha mbele cha jicho, na ngozi yake ya juu kabisa hufa na kuanza kubanduka. Kubanduka huko huchukua saa kadhaa, mara nyingi kati ya sita na kumi na mbili. Ndiyo maana unafunga kazi saa kumi jioni ukiwa mzima, unakula, unalala, halafu saa sita usiku unaamka unadhani mtu amekumwagia mchanga na pilipili machoni.

Hatua ya kwanza: hakikisha ni mwanga, si chuma

Mwanga kwa kawaida hupiga macho yote mawili, na maumivu huja baadaye. Macho yanakuwa mekundu, machozi yanachuruzika, hata taa ya simu haivumiliki. Kama ni jicho moja tu, na lilianza kuuma palepale ulipokuwa kwenye grainda au ukigonga slagi (gamba linalobaki juu ya mshono), na kila ukipepesa unahisi kitu kinakwaruza mahali palepale, hicho ni kipande cha chuma. Usilisugue. Lisafishe kwa maji safi mengi yanayotiririka taratibu. Kisipotoka, nenda kliniki asubuhi, kwa sababu chuma kikikaa kwenye konea hushika kutu na kuacha duara la kutu ambalo nalo litahitaji kuondolewa.

Hapa nisikilize vizuri, ndugu yangu. Karibu kila karakana ina mtu anayesifika kwa kutoa vipande vya chuma kwa njiti ya kiberiti, uzi au kona ya karatasi ngumu. Usimpe jicho lako. Anaweza kukitoa kweli, lakini akakuachia mkwaruzo wenye vijidudu, na kidonda cha konea kikipona huacha kovu jeupe mbele ya mboni. Kovu hilo haliondoki kwa dawa ya matone.

Hali nyingine haisubiri asubuhi. Ulikuwa unapiga patasi kwa nyundo, au diski ya grainda imepasuka, kitu kikakurukia jichoni, na sasa huoni vizuri, mboni haiko duara, au jicho linatoa damu au majimaji. Hapo usioshe, usibonyeze, usipake chochote. Weka kitu kigumu kisichogusa jicho, kwa mfano kitako cha kikombe cha plastiki kinachokaa kwenye mifupa ya kuzunguka jicho, kibandike kwa plasta, kisha nenda hospitali usiku huohuo.

Hatua ya pili: gizani, mikono misafi

Nawa mikono kwa sabuni, maana fundi hushika uso bila kujua. Kama unavaa lenzi za machoni, zitoe. Zima taa, funga pazia, lala. Usisugue macho hata kidogo. Ngozi ya konea iliyobaki imelegea, ukisugua unaibandua.

Hatua ya tatu: kitambaa cha baridi

Chovya kitambaa safi kwenye maji safi ya baridi, kikamue, kiweke juu ya kope zilizofungwa kwa dakika kumi hadi kumi na tano. Rudia kila unapohisi moto umerudi. Barafu usiiweke moja kwa moja kwenye kope.

Najua unachotaka kuniuliza: vipi kuhusu kiazi, kile ambacho mafundi huwekeana machoni? Na mimi niliwekewa viazi mbichi na fundi aliyenifundisha kazi, na nilipata nafuu. Nafuu ile ilikuwa ya ubaridi. Kiazi hakina dawa ya mwanga. Kina udongo, na maji yake yakiingia kwenye konea iliyobanduka unakaribisha vijidudu. Kitambaa safi kinakupa ubaridi uleule. Maziwa ya mama, ambayo mafundi wengi hutumwa kuyaomba kwa jirani anayenyonyesha, nayo usitie jichoni, wala majani ya chai, asali au mkojo. Katika nchi zetu za joto, kidonda cha konea kinachoingiwa na fangasi ni ugonjwa mzito sana kutibu, na watu wamepoteza macho kwa huo.

Hatua ya nne: kidonge cha maumivu

Paracetamol inatosha kwa wengi. Mtu mzima anameza vidonge viwili vya miligramu 500, na anaweza kurudia baada ya saa sita, asizidishe vidonge vinane kwa siku nzima. Ibuprofen huwa na nguvu zaidi kwa maumivu haya, lakini imeze ukiwa umekula, na uiache kabisa kama una vidonda vya tumbo au shida ya figo.

Hatua ya tano: matone, na hapa ndipo watu huharibikiwa

Matone yasiyo na ubaya ni yale ya machozi ya bandia. Yanalainisha, kope haikwaruzi. Tia kila baada ya saa moja au mbili ukipenda. Mhudumu wa afya anaweza pia kukuandikia mafuta ya macho ya antibayotiki, kama kloramfenikoli, ili konea iliyo wazi isipate maambukizi wakati inajifunga.

Sasa dawa ya ganzi. Mara yangu ya pili kupigwa nilikwenda duka la dawa, nikauziwa kichupa kidogo, nikaambiwa nitie tone moja kila nikisikia maumivu. Tone la kwanza lilikuwa kama muujiza: sekunde chache na maumivu yote yakakatika. Baada ya kama nusu saa yakarudi. Nikatia tena. Nikatia mchana kutwa na siku ya pili, na siku ya tatu nilikuwa naona ukungu. Kliniki ya macho waliniambia kitu ambacho sijakisahau: ganzi inazuia konea isijifunge, na kwa kuwa huhisi maumivu, unaendelea kuiumiza bila kujua. Ukiendelea nayo, konea inaweza kuyeyuka na kutoboka. Pale kliniki wenyewe huitumia tone moja tu wakati wa kupima, na hawakupi uondoke nayo. Ukiona kwenye kichupa neno linaloishia na «caine», kama tetracaine, kirudishe.

Dawa nyingine ya kuepuka ni matone yenye deksamethasoni au prednisoloni. Hizi huondoa wekundu haraka, kwa hiyo mtu anadhani amepona. Kama kuna fangasi au virusi kwenye konea, dawa hiyo huvipa nafasi ya kuenea. Ni dawa nzuri mkononi mwa daktari aliyekwisha kutazama jicho kwa mashine yake, si mkononi mwangu wala mwako.

Baada ya hapo ni kusubiri. Konea hujitengeneza yenyewe, na wengi hupata nafuu kubwa ndani ya saa 24 hadi 48. Usiendeshe bodaboda wala gari katika muda huo, na usirudi kwenye kijiti. Nenda kliniki ya macho kama saa 48 zimepita na bado yanauma, kama yanatoa usaha, kama uoni unazidi kupungua, au kama maumivu yamekwisha lakini kuna doa katikati ya unachokitazama. Doa hilo linaweza kuwa jeraha la retina, nyuma ya jicho, na huwapata wanaokodolea moto bila kioo. Dar es Salaam tuna hospitali za CCBRT na Muhimbili, Moshi kuna hospitali ya KCMC, na ndugu zetu wa Nairobi wana hospitali ya macho ya Kikuyu. Watakutia tone la rangi ya njano na kukumulika kwa mwanga wa bluu. Sehemu zilizobanduka hung'aa kijani, na kama ni mwanga wa kuchomelea wanaona vijidoa vingi vidogo. Sema ukweli kuhusu ulichotia nyumbani, hata kama ni kiazi.

Hatua ya sita: kioo chenye namba

Sasa umepona, tuongee juu ya kazi. Kioo cheusi cha ngao kina namba, na namba hiyo ndiyo unayonunua: ikiwa kubwa, kioo ni cheusi zaidi. Kwa vijiti tunavyotumia kila siku, geji (unene) 12 na geji 10, mashine ikiwa kati ya ampea 60 na 160, usishuke chini ya namba 8, na inayofaa ni 10. Ukipanda hadi ampea 250, usishuke chini ya 10, chukua 11 au 12. Kwa mashine ya MIG, ile inayolisha waya badala ya kijiti, kwenye ampea hizo za mwanzo, anza na 11, isiwe chini ya 10. Anza na kioo cheusi zaidi, kisha kama huoni mstari wako wa kazi shuka namba moja moja, bila kupita kiwango cha chini.

Kosa ninaloliona sana ni fundi kuchomelea umeme akiwa na miwani ya kuchomelea kwa gesi. Miwani ile huwa ni namba 4 hadi 6. Ni giza, na giza hilo linamdanganya. Miwani ya jua ni mbaya zaidi: mboni inapanuka kwa sababu ya giza, na mwanga unaingia kwa pembeni, juu na chini. Kuvaa miwani miwili ya jua kwa pamoja hakubadilishi kitu. Kioo kisicho na namba wala alama ya kiwango usikinunue, kwa sababu huwezi kuona kwa macho kama kinazuia mionzi au ni plastiki iliyotiwa rangi. Kioo halali hakifiki bei ya pakiti ya vijiti.

Hatua ya saba: kushikiza

Hapa ndipo nilipopigwa mara tatu, kwa hiyo hapa ndipo nilipobadilisha mengi. Kwanza, nilitengeneza vibanio. Chuma kikishikwa na kibanio au sumaku ya pembe, mkono mmoja uko huru kushika ngao. Pili, nilipopata kazi nzuri nilinunua ngao ya kuvaa kichwani inayojitia giza. Watu huiogopa wakidhani ikichelewa kidogo tu macho yanaungua. Iliyo halali huzuia mionzi ya urujuanimno muda wote, hata kabla haijaingia giza. Kila asubuhi ijaribu kwa kuwasha kiberiti cha gesi mbele ya vihisio vyake. Isipojitia giza, badilisha betri au rudi kwenye kioo cha kawaida siku hiyo. Tatu, chini ya ngao navaa miwani myeupe ya usalama ya polikaboneti. Plastiki hiyo huzuia karibu mionzi yote ya urujuanimno, kwa hiyo mwenzako akiwasha pembeni wakati umeinua ngao, konea yako imekingwa, na ukigonga slagi au ukishika grainda tayari umevaa. Haitoshi kutazamia moto. Ni kinga ya pili tu.

Kioo cheupe cha nje, kile kinacholinda kioo cheusi, kibadilishe kikijaa vitone vya chuma. Fundi asiyeona vizuri huinua ngao achungulie.

Hatua ya nane: saidia fundi na wapita njia

Saidia fundi, yule msaidizi anayeshika chuma, hupigwa kuliko anayechomelea, kwa sababu hana ngao na haambiwi lini unagusa. Mimi nina ngao mbili, moja yake. Kabla ya kugusa nasema «macho!», nasubiri aitikie, ndipo nagusa. Sheria ya Afya na Usalama Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 hapa Tanzania, na ile ya Kenya ya 2007, zinamtaka mwajiri awape wafanyakazi vifaa vya kujikinga, na fundi mwenye kijana mmoja kibandani mwake naye ni mwajiri.

Mwanga hupungua haraka ukiwa mbali: kwa mita mbili unabaki robo ya ule wa mita moja. Lakini hurudi kutoka kwenye alumini, mabati mapya na ukuta uliopakwa rangi ya kung'aa, hivyo unaweza kupigwa kwa nyuma ndani ya ngao. Usigeuzie mgongo bati jipya. Karakana yangu iko kando ya barabara, na nimefunga turubai zito upande ule kuanzia chini hadi juu ya kimo cha mtu. Watoto wakitoka shule saa nane hupenda kusimama kutazama cheche. Mwanzoni nilikuwa nawafukuza, wakawa wanachungulia chini ya turubai. Siku hizi muda huo nakata na kupima. Kijiti nakiwasha tena saa tisa.