Somo: Kuilaza mashine ya boti kabla ya baridi kuingia

Somo hili linawahusu wenzetu wenye boti ndogo katika maziwa ya Minnesota, jimbo la Marekani, hasa boti zenye mashine ya kupachika, yaani inayofungwa nyuma ya boti kwa nje, ya mipigo minne. Kinachoiharibu mashine wakati wa baridi si baridi yenyewe, bali vitu viwili vinavyosahauliwa ndani yake. Cha kwanza ni maji, ambayo yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9 na kupasua chuma; cha pili ni petroli iliyochacha. Watu wengi huogopa maji na kuidharau petroli, ilhali petroli ndiyo inayowapanga foleni kwa fundi mwezi wa Mei. Kwa hiyo tunaanza nayo, mwezi wa Oktoba, boti ikiwa ingali majini na mashine ingali inawaka.

Hatua ya kwanza: petroli

Petroli nyingi inayouzwa Marekani ina ethanoli kufikia asilimia 10, na ethanoli huvuta unyevu. Maji yakifika karibu nusu ya asilimia moja ya petroli hiyo, ethanoli hujitenga pamoja na maji na kuzama chini ya tangi, mahali pale pale mrija wa mashine unaponyonyea. Uwezo wa petroli kubeba maji hupungua kadiri inavyopoa, kwa hiyo petroli iliyokuwa safi Oktoba inaweza kujitenga Januari bila mtu kuigusa, na ikishajitenga hakuna dawa ya kuirudisha, humwagwa yote.

Sheria ya Minnesota inaruhusu petroli isiyo na ethanoli kuuzwa kwa ajili ya boti, na kwa kawaida huwa ya okteni 91. Ni ghali zaidi, lakini kwa ujazo wa mwisho wa msimu sioni sababu ya kubana matumizi. Mimina kwanza stabilaiza, yaani dawa ya kuzuia petroli isichache, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, kisha jaza petroli juu yake ili vichanganyike, ukibakiza nafasi ndogo ya petroli kutanuka. Baada ya hapo endesha boti kwa dakika 10 hadi 15, kwa sababu dawa iliyobaki tangini haizisaidii nozeli, yaani vitundu vinavyopulizia petroli ndani ya injini, ambazo bado zina petroli ya zamani.

Boti ikishatoka majini na mashine ikishapoa, badilisha chujio linalotenga maji, mahali pa wazi na mbali na cheche yoyote. Kilichomo katika chujio la zamani kimimine kwenye chupa angavu ukitazame: maji yakiwepo yatajionyesha chini kama tabaka la pekee. Mashine ya zamani yenye kabureta huhitaji jambo moja zaidi, nalo ni kulegeza skrubu iliyo chini ya bakuli la kabureta na kuimwaga petroli yote. Wengi huchomoa mpira wa petroli na kuiacha mashine ijizime, wakidhani bakuli limekauka. Kumbe hubaki kiasi kidogo kinachoganda kama gundi na kuziba vitundu.

Hatua ya pili: maji

Boti ikiwa kwenye trela, vika vikombe vya mpira kwenye matundu ya kunyonyea maji, fungulia bomba, ndipo uwashe mashine na kuisafisha. Ukiiwasha bila maji, impela ya pampu, yaani gurudumu la mpira linalosukuma maji, huungua kwa muda mfupi sana. Ukimaliza, iache mashine imesimama wima ili maji yatoke yenyewe, na ibaki wima hivyo majira yote ya baridi. Ikiinamishwa, maji ya mvua na theluji hutuama ndani ya kitovu cha propela, yakaganda na kuweza kupasua sanduku la gia. Kizibo cha sakafu ya boti nacho kiondolewe. Sheria ya Minnesota inataka hivyo kila boti inaposafirishwa barabarani, ili kuzuia viumbe waharibifu wasihamishwe kutoka ziwa hadi ziwa.

Hatua ya tatu: oili

Oili ya injini ibadilishwe sasa, ikiwa na joto, pamoja na filta yake, kwa kuwa oili iliyotumika ina asidi na unyevu ambavyo havifai kukaa na beringi kwa miezi sita.

Kwa oili ya gia, fungua kizibo cha chini, kisha cha juu ili hewa iingie, na uichunguze rangi inapotoka. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yamepenya kwenye sili, yaani mpira wa kuzuia uvujaji, na matengenezo yafanywe kabla ya barafu, si baada yake. Jaza oili mpya kwa pampu kupitia tundu la chini mpaka itokee tundu la juu. Funga kizibo cha juu kwanza, ndipo uondoe pampu na kufunga cha chini upesi, ukitumia washa mpya, ile pete ya kuzuia uvujaji.

Hatua ya nne: silinda na mengineyo

Fungua plagi, pulizia oili ya kuhifadhia ndani ya kila silinda, zungusha flaiwili, lile gurudumu zito la juu ya injini, kwa mkono kwa upande wake wa kawaida tu, kisha rudisha plagi. Vua propela uone kama uzi wa mshipi umejisokota kwenye shafti, paka grisi, uirudishe. Betri ichajiwe mpaka ijae na ikatwe waya, kwa maana iliyojaa haigandi kirahisi kama iliyoisha chaji.

Maswali ya wanachama

Swali (Duluth): Mwalimu, boti yangu ina injini ya ndani. Je, nayo hujimwaga yenyewe?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Maji hubaki katika bloku, yaani mwili wa injini, na katika manifoldi ya kutolea moshi, kwa hiyo vizibo vyote vya kumwagia vifunguliwe, na kila tundu lichokonolewe kwa waya kwani kutu huliziba. Baadaye pitisha antifrizi ya propilini glikoli, isiyo na sumu kali kama ile ya magari.

Swali (Tanga): Shikamoo mwalimu. Huku hakuna barafu, lakini kusi likivuma tunaipandisha boti pwani kwa miezi kadhaa. Mashine yetu ni ya mipigo miwili.

Jibu: Marahaba. Adui yenu ni chumvi, basi isafisheni kwa maji yasiyo na chumvi ikiwa inaunguruma kwa angalau dakika 10. Petroli iliyochanganywa na oili msiihifadhi. Itumieni katika chombo kingine, na mmwage kabureta kama nilivyoeleza.

Swali (St. Cloud): Naweza kuiwasha kidogo Januari ili isilale sana?

Jibu: Usiiwashe. Utachoma oili uliyopulizia kwenye silinda, utaleta unyevu mpya ndani ya injini, na maji ya kuipozea yataganda kabla hujamaliza kuyamwaga.