Kufananisha na kulinganisha kwa Kiingereza bila kunaswa na "kama" na "kuliko"

Ukisema "Mkoa wa Lindi ni mkubwa kuliko Mkoa wa Mtwara", kivumishi hakiguswi. "Kuliko" ndiyo inayobeba ulinganisho wote. Kiingereza huugawa mzigo huo: kwanza kivumishi chenyewe kinabadilika, ndipo linafuata "than". Kwa hiyo "Lindi Region is big than Mtwara Region" ni kosa, hata kama msikilizaji ataelewa. Sahihi ni "Lindi Region is bigger than Mtwara Region."

Kivumishi cha silabi moja huongezewa -er: cheap, cheaper. Kikiishia konsonanti moja iliyotanguliwa na irabu moja, konsonanti hiyo huandikwa mara mbili: hot, hotter. Herufi w haihusiki hapo, ndiyo maana bei ni "lower" yenye w moja. Kinachoishia y baada ya konsonanti hugeuza y kuwa i: dry, drier. Vivumishi virefu hutanguliwa na "more", kama "more expensive". Good, bad na far vina njia yake: better, worse, farther au further. Usitumie njia mbili kwa pamoja; "more cheaper" ni kutia chumvi mara mbili kwenye mchuzi mmoja. Ukitaka kukazia, neno ni "much" au "far", si "very": "Octopus is much cheaper than kingfish today."

Kosa lingine limejificha zaidi, na hata wanaokijua Kiingereza hulifanya. "Our cashews are bigger than our neighbour" inalinganisha korosho na jirani mwenyewe, kiwiliwili chake. Andika "than our neighbour's". Vivyo hivyo, "The price in Newala is higher than Masasi" inalinganisha bei na mji. Ongeza "in": "higher than in Masasi".

Vitu vikiwa sawa, kivumishi hukaa katikati ya "as" mbili bila kubadilika: "He is as tall as his father." Wengi huiangusha "as" ya kwanza kwa sababu Kiswahili hakina neno la kukaa mahali pale. Ukikanusha unapata "not as … as", umbo linalosaidia sana kwenye maswali ya kuandika upya sentensi. "Lindi Region is larger than Mtwara Region" inageuka "Mtwara Region is not as large as Lindi Region." Majina yamebadilishana nafasi na -er imeondoka. Asiyebadilisha majina anapata sentensi nzuri yenye maana ya kinyume, na alama zinapotea.

Umbo hilohilo hubeba "mara ngapi". Mkoa wa Lindi una takribani kilomita za mraba 66,000 na Mtwara takribani 16,700, lakini katika sensa ya 2022 Lindi ilikuwa na watu karibu milioni 1.2 na Mtwara zaidi ya milioni 1.6. Kwa Kiingereza: "Lindi is about four times as large as Mtwara, but it has fewer people." Ni "fewer" kwa sababu watu wanahesabika, maji au mchanga ungesema "less". Mara mbili ni "twice". Mifupa ya dinosaria iliyochimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913, na sasa imesimamishwa Berlin, ina kimo cha zaidi ya mita 13, wakati twiga mrefu hufika kama mita tano na nusu: "The skeleton is more than twice as tall as a giraffe."

Sasa "kama", ambayo ndiyo yenye mitego mingi. Angalia kinachofuata. Ikifuata nomino na unafananisha tu, tumia "like": "Like my father, I grow cashews." Ikifuata nomino inayotaja kazi au cheo ambacho mtu anacho kweli, tumia "as". Tofauti hii inaweza kukunyima ajira. Ukiandika kwenye barua ya maombi "I worked like a driver for three years", mwajiri anaelewa kwamba hukuwa dereva, ila ulifanya kazi kwa namna ya madereva. "I worked as a driver" ndiyo inayosema ulikuwa dereva.

Kikifuata kishazi chenye kitenzi, andika "as": "Dry the nuts as I showed you." Kwenye mazungumzo utasikia "like I showed you", na hakuna atakayekulaumu, ila barua rasmi iepushe. "Kana kwamba" ni "as if", na jambo likiwa la kufikirika tu, kitenzi hurudi nyuma hatua moja katika wakati: "He spends money as if he had sold ten tonnes of cashews." Hakuuza, ile "had" ndiyo inayomsema. Unapotaja mifano, tumia "such as": "districts such as Newala, Tandahimba and Masasi".

Kiunganishi "na" nacho hutuingiza kwenye "with" pasipohitajika. Sawa na ni "the same as", na "the" haiachwi. Inayofanana na ni "similar to". Tofauti na ni "different from". Kitenzi "resemble" hakitaki kihusishi chochote: "The baby resembles her grandmother." "Prefer" huchukua "to", si "than": "I prefer cassava to rice." Nayo "alike" haikai mbele ya nomino, mapacha "look alike", hawaitwi "alike twins".

Maswali manne yanayochanganywa: "What is he like?" huuliza tabia yake, "What does he look like?" sura yake, "What does he like?" anachopenda, na "How is he?" hali yake. Barabara nayo huulizwa kwa umbo la kwanza: "What is the road to Liwale like?"

Kwa "kadiri … ndivyo", Kiingereza huweka "the" mara mbili, kila moja ikifuatwa na umbo la kulinganisha: "The longer the nuts stay in the sun, the drier they become." Katikati ni koma, si "and". Kiima na kitenzi huja baada ya umbo la kulinganisha pande zote mbili, kwa hiyo "they become the drier" haikubaliki hapo.