Kabla ya kuchagua wodi ya kwanza

Muuguzi mpya, usichague wodi kwa kuiona asubuhi tu. Mwombe muuguzi mfawidhi uhudhurie makabidhiano ya zamu ya usiku, kisha ubaki kwa muda wa kama saa mbili. Hesabu kila muuguzi ana wagonjwa wangapi, na uliza: presha ya mgonjwa ikishuka ghafla, muuguzi mgeni anamwita nani? Mchana madaktari na wanafunzi wamejaa, kila wodi huonekana ina msaada. Usiku ndio hutoboa siri. Ukijibiwa “tutaona”, hasa wodi ya wazazi au ya mahututi, anzia kwingine. Mbinu hii haisaidii ukipangiwa kituo cha afya, maana huko utazunguka idara zote. Basi omba wiki za mwanzo uwe zamu moja na muuguzi mzoefu.